Ufunguo wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanena. Moyo wangu unafanya kazi nusu siku, na nusu hiyo yenyewe unachelewa. Nipange mambo yangu, amesema. Nimempongeza kwa ukweli wake na kumsahihisha mwandiko kwenye cheti cha dawa.

Hivyo naanza shajara hii. Ni maungamo ya mtu aliye safarini. Nimetafuta dhambi tangu asubuhi, sijapata ya maana. Basi nitaungama werevu.

Jambo la kupanga ni moja tu: gari. Jekundu, la spoti, milango miwili, viti viwili, fupi mno kwa kimo. Anayeingia huanguka ndani. Anayetoka huomba msaada. Marehemu mume wangu alilinunua alipostaafu, akanipeleka nalo kila mahali, na usukani hakuniachia hata siku moja. Linaujua mkono wangu, alikuwa akisema. Mimi! Mkaguzi wa shule! Niliyeendesha jipu la serikali kwenye njia ambazo mbuzi walizikataa! Nikakaa kiti cha abiria nimekumbatia mkoba, miaka nenda miaka rudi.

Sasa yeye kalala na gari limefunikwa turubai bandani. Leo mezani mwanangu katangaza kwamba Jumamosi anakuja mnunuzi. Mwanangu ni mtu wa bima. Kwake kila kitu ni ajali inayosubiri zamu yake. Nikamwambia naomba kuliendesha mara moja tu kabla halijaondoka, hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Akacheka. Mkamwana wangu, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Aliniongezea mboga za majani, akasema mama, hata ngazi unashushwa.

Naam. Ngazi nashushwa. Hadhi sishushwi. Nitaliendesha gari hilo kabla ya Jumamosi. Nimeandika, imekuwa.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze habari ya ufunguo, maana watakaosoma haya huenda ni watu wa zama nyingine.

Gari hili halina ufunguo wa kuchomeka. Lina kitu cheusi, laini, kama kipande cha sabuni ya hotelini. Ukiwa nacho mwilini milango inakutii, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inaamka. Vilikuwa viwili. Kimoja anacho mwanangu. Cha pili anacho Marehemu, mfukoni mwa koti la buluu, kaburini.

Koti hilo ni kazi ya wifi yangu, dada wa Marehemu, anayeishi nasi chumba cha mbele. Mimi nilisema avikwe la kijivu. Wifi akasema kaka yake hakuzaliwa ili azikwe kama karani. Likavikwa la buluu, na hakuna aliyetazama mifuko. Wifi hadi leo anashikilia kwamba mifuko ni kazi ya mke.

Ukabaki wa mwanangu. Asubuhi alipoingia kuoga nikaingia chumbani kwake na mkongojo wangu, kimya kama moshi. Suruali ilikuwa kitini. Nikapapasa mfuko. Kitu cheusi! Nikatoka nacho. Kutoka kule hadi banda la gari ni mbali kwa mtu wa umri wangu, nikapumzika njiani mara kadhaa, lakini nikafika. Nikasimama mbele ya gari, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Nikabonyeza kwa mamlaka.

Nikasikia kelele barabarani. Lango letu lilikuwa likifunguka na kufungika, likifunguka na kufungika, na muuza magazeti alikuwa amebaki katikati na baiskeli yake, hajui aingie au atoke. Nilikuwa nimeiba rimoti ya lango.

Mkamwana akanichukua kwa mkono. Mwanangu, povu bado sikioni, akasema kuanzia leo ufunguo wa gari utalala ofisini kwake, kwenye kabati la chuma. Wifi alitazama yote hayo dirishani akinywa chai. Aliniuliza kama ukaguzi umekwenda vizuri.

Nilimjibu kwamba majaribio ni sehemu ya sayansi.

Jumatano, 5 Machi

Wazo kubwa. Kwa nini niibe ufunguo wakati naweza kuzaa mwingine?

Ukutani mbele ya dirisha langu kuna tangazo la rangi nyekundu: funguo za magari ya kisasa, tunatengeneza, tunaprogramu, tunakuja ulipo. Nimelitazama kila siku tangu niugue nikihesabu makosa yake ya tahajia. Leo nikaisoma namba ya simu.

Fundi alipokea papo hapo. Anajiita Injinia. Ana maneno mengi kama redio ya jirani. Akasema gari la aina hiyo analijua kama kiganja chake, atakuja na ufunguo mtupu, ausajili kwenye akili ya gari, na kazi imekwisha. Ila hafanyi kazi bila kadi ya gari, maana kuna watu wanaomwita kusajili funguo za magari ya wenzao. Nikasema ni aibu kubwa, watu kama hao.

Kadi ya gari! Iko kwa Wifi. Baada ya mazishi aliichukua bahasha ya hati zote za kaka yake, kwa usalama, alisema. Usalama kutoka kwangu.

Nikajikongoja hadi chumba cha mbele. Wifi alikuwa anajipaka mafuta miguuni. Sikuzunguka mbuyu. Nikamweleza shabaha, mbinu na muda, kama ninavyopenda walimu waeleze somo. Akanisikiliza hadi mwisho, akapaka na mguu wa pili, kisha akatoa masharti. La kwanza, tunakwenda wote, yeye pembeni. La pili, ufunguo anashika yeye, kwa sababu mimi nikishika kitu hakirudi. La tatu, nikiri kwamba koti la buluu lilimpendeza kaka yake.

Nilijifunika mdomo kwa leso kama anayekohoa. Kisha nikatoa meno yangu ya bandia, nikayaweka mfukoni, nikakiri. Kiapo kisicho na meno hakiumi.

Hakugundua. Wifi yangu ana macho mazuri lakini hana elimu ya hila.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya fahari!

Mwanangu kaenda kazini, mkamwana zamu ya mchana hospitalini. Injinia akaingia na begi, laptopu na betri begani kama mchukuzi. Akakagua kadi, akakagua kitambulisho changu, akaniangalia, akaliangalia gari, akaniangalia tena. Akauliza dereva ni nani. Nikamwambia aendelee na kazi.

Betri ya gari ilikuwa imelala, akaunganisha ya kwake. Alionya mtu yeyote asiguse kitu: umeme ukiyumba katikati ya kusajili, akili ya gari inavurugika, na baada ya hapo ni kuvutwa kwa kamba. Wifi akaitikia kwa kichwa. Halafu akafungua mlango ili ajitazame kwenye kioo cha ndani. Mashine ikapiga kelele. Tukaanza upya. Nikamkalisha Wifi kwenye ndoo, mbali.

Sasa sikilizeni, enyi warithi wangu. Injinia akasema gari linazo funguo mbili kwenye kumbukumbu yake. Kuongeza wa tatu kunahitaji mmoja wa zamani uwepo hapo kama shahidi. Kama hakuna shahidi, njia ni moja: kufuta zote na kuanza na mpya. Akaniuliza kama nina hakika.

Nikamuuliza kitufe ni kipi. Akanikataza nisibonyeze mimi. Nikamwambia ni matakwa ya mtu anayekufa. Akanipisha.

Kwa kidole kimoja nikawafuta mwanangu na mume wangu. Wakati huohuo! Maishani nimefuta madarasa hewa, vyeti vya uongo na mwalimu mkuu mmoja aliyelala mezani, lakini sijawahi kufuta kwa raha namna ile.

Tukasubiri mashine imalize mambo yake. Wifi akaleta chai. Kisha Injinia akauweka ufunguo mpya juu ya kitufe, taa ikapepesa, gari likanguruma. Banda lote likatetemeka. Wifi akasema Mungu wangu, akakaa tena kwenye ndoo. Mimi nilisimama. Nashuhudia hapa kwamba nilisimama.

Alipokuwa akikunja nyaya nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini: injini ikishawaka, gari bado linahitaji ufunguo? Akasema hapana mama, likishawaka haliulizi tena, ila... Nikamkatiza hapo. Jibu ulichoulizwa, nimewaambia walimu maisha yangu yote. Kinachozidi ni porojo.

Malipo yalitoka kwenye pensheni yangu na hayamhusu mtu.

Wifi kaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Afunge tu. Likishawaka haliulizi tena. Kesho ataona.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimelala. Mkamwana kaninyang'anya miwani, lakini nina ya akiba.

Asubuhi nyumba ikabaki yetu. Wifi alitokea amevaa gauni lake la harusi za watu, ile kanga yenye ufunguo kiunoni, na viatu vya kisigino kifupi. Amejipuliza manukato. Nikamwambia tunakwenda mwisho wa mtaa, si ikulu. Akasema gari la kaka yake halipandwi na ndala.

Marehemu, Mungu amrehemu, siku zote alilirudisha gari kinyumenyume ili lisimame limetazama nje kama askari. Hilo lilirahisisha. Nikajishikilia mlango, nikageuza mgongo, nikajiachia. Nikaanguka ndani. Kiti cha dereva! Nikaushika usukani. Sitaandika nilivyojisikia. Kuna mambo ya mtu na usukani wake.

Wifi akaangukia upande wa pili. Breki, kitufe, ngurumo. Hapo nikaanzisha sehemu yangu ya mpango. Nikasema kwa mshangao, wifi yangu, tumesahau lango. Swichi iko ukutani, na mimi miguu unaijua. Akalaani, akageuka, akaning'inia mlangoni. Ilibidi nimsaidie kwa mkongojo, taratibu, kwa upendo. Akatoka. Akaenda kwa madaha ya vile viatu. Akabonyeza. Lango likafunguka.

Nikaondoka.

Gari likalia mlio mkali, tena na tena, na maandishi mekundu yakawaka mbele yangu. Nikadhani linanipigia saluti. Kwenye kioo nikamwona Wifi kasimama katikati ya lango, mkono mmoja juu, mwingine umeshika pindo. Hakupiga kelele. Alisimama tu akipungua.

Basi nikaendesha! Kinyozi akasimamisha mashine kichwani mwa mteja. Dada wa duka la dawa akatoka hadi kizingitini. Fundi cherehani akaondoa mguu kwenye kanyagio. Ni kweli kwamba msukuma mkokoteni wa maji alinipita, na baada yake bata, lakini fahari haina haraka. Nilikwenda katikati ya barabara ili pande zote mbili zione.

Mwisho wa mtaa kuna shule. Wanafunzi walikuwa nje, wakakimbilia uzio. Nikasimama mbele ya lango ili wanione vizuri. Kisha nikazima injini.

Msiniulize kwa nini. Kuna waraka unaosema dereva yeyote anayesimama mbele ya lango la shule azime injini. Waraka huo niliuandika mimi. Nilishindwa kuuvunja.

Nilipobonyeza tena, gari likaniandikia kwamba ufunguo haumo. Nikabonyeza kwa mamlaka. Haumo. Ndipo nikalielewa lile "ila" la Injinia. Likishawaka haliulizi, likizimwa linauliza upya, na jibu lilikuwa kwenye pindo la Wifi.

Kushuka sikuweza. Nilijaribu. Mtu mwenye moyo wa nusu siku hawezi kujivuta kutoka kwenye kiti kilicho chini kiasi kile. Watoto wakaanza kucheka, wakisema bibi kakwama. Mwalimu mkuu akatoka mbio, kijana mwenye tai fupi. Akauliza kama naumwa.

Hapo ndipo elimu inapomtenga mtu na mtu. Nikamtazama, nikamwambia ni ukaguzi wa kushtukiza. Maandalio ya masomo yaletwe dirishani.

Akaivuta tai yake. Kisha, nasema kweli tupu, akaenda kuyaleta! Walimu wakaja mmoja mmoja, na kwa kuwa gari ni fupi kila mmoja ilibidi achuchumae ndipo nimsikie. Hakuna mkaguzi katika historia aliyewahi kuchuchumaliwa na shule nzima. Nikakosoa malengo ya hisabati. Nikasifu sayansi. Nikaagiza vyoo vipigwe chokaa. Mwalimu wa mwisho alinong'ona kwamba mkaguzi wao huwa ni mwanamume mfupi. Nikamwambia ndiyo maana vyoo viko vile.

Lakini maandalio yakaisha. Kengele ikalia, watoto wakaingia madarasani. Jua likapanda juu ya bati la gari. Nikabaki na mwalimu mkuu, naye alikuwa anaanza kunitazama kwa huruma, kitu ambacho sikukiagiza. Akauliza ampigie nani simu. Nikaona picha nzima: mwanangu na gari la kuvuta la watu wa bima, kamba, mtaa wote mlangoni, na mimi nikirudishwa nyumbani mgongo mbele. Na hiyo ndiyo ingekuwa safari yangu ya usukani. Ya kwanza na ya mwisho.

Ndipo nikamwona Wifi.

Alikuja kwa miguu, mwavuli mkononi, kwenye vile viatu. Mtaa mzima. Anasimama, anapumua, anakuja. Alipofika akainama dirishani, jasho limechora njia kwenye poda yake. Alifungua pindo fundo moja, fundo la pili, akaniangushia ufunguo mapajani.

"Ulitaka kwenda peke yako," akasema. "Basi rudi peke yako."

Akageuka kuanza kurudi. Kisigino kimoja kilikuwa kimechanika upande, na alikuwa anakanyaga kwa ncha ya mguu.

Ufunguo ninao. Gari ni langu. Hilo ndilo nililokuwa nimelipanga, neno kwa neno.

"Wifi," nikamwita. "Panda."

Hakugeuka. "Unasemaje?"

"Nimesema panda, tafadhali. Sitaki kwenda peke yangu."

Nilisema mbele ya mwalimu mkuu, na meno yangu yote yalikuwa mahali pake.

Akasimama, akakitazama kisigino chake. Akarudi. Mwalimu mkuu akamshusha kwenye kiti kama anayeshusha kabati. Breki, kitufe, ngurumo. Tuliondoka shuleni huku watoto wakipiga makofi madirishani.

Njiani alijifuta poda hadi kwa fundi cherehani. Kisha akasema kaka yake hakumruhusu hata yeye kugusa usukani. Alimwomba mara moja. Akaambiwa: "Linaujua mkono wangu." Nikapunguza mwendo, ingawa wengine wangesema tulisimama. Nikamwambia gusa. Akagusa kwa kidole, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akarudisha viwili.

Mkamwana alikuwa langoni, katoka zamu. Alitutoa garini akisaidiana na muuza magazeti. Alinipima presha palepale, akapima tena, akaitikisa mashine. Presha yangu ilikuwa nzuri kuliko ya wiki nzima. Yake sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Mnunuzi kaja. Miwani ya jua, mkufu, kiatu kisicho na soksi. Mkamwana hakuwa amemwambia mumewe lolote. Alisema hajui aanzie wapi. Mwanangu akatoka kifua mbele na ufunguo wake aliouchukua kabatini. Akasimama mbele ya gari. Akabonyeza. Kimya. Akausugua kwenye suruali. Akaupuliza. Akabadilisha betri. Akauweka juu ya kitufe, akauweka kichwani.

Mnunuzi akauliza, kwa adabu, kama gari hili ni lao kweli. Mwanangu akaapa. Mnunuzi akasema atarudi Jumamosi ijayo, gari na mwenyewe wakiwa wamefahamiana.

Kikao cha familia kikaitishwa. Nikaungama yote. Sikuficha kitu, maana lilikuwa jambo la kujivunia: namna ya kufuta, namna ya kumtoa Wifi kwa mkongojo, ukaguzi. Mwanangu alishika kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Akauliza bima ingesemaje. Wifi akasema bima haikuwepo kwenye gari, tulikuwa sisi wawili tu.

Ufunguo wa tatu ukachukuliwa, uende kabatini. Mkamwana akapiga magoti mbele ya kiti changu, akanishika mikono, akasema mama tunakupenda, utuahidi hakuna hila tena. Macho yake yalikuwa na maji. Nikaahidi. Wifi naye akaahidi, bila kuombwa. Tukapeana mikono, mimi na Wifi, mbele ya watu wote, na nikaona kwamba uzee wetu umepata amani.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kutafakari. Nimejifunza nini?

Nimejifunza kwamba hila ni mzigo na ukweli ni mto wa kulalia. Kwamba anayemwacha mwenzake njiani atamhitaji njiani. Kwamba familia ni bora kuliko ngurumo. Nimeyatazama maneno haya kwa muda. Yameandikwa vizuri.

Baada ya chakula nikampigia Injinia.

Nikamwambia nataka ufunguo mwingine kabla ya Jumamosi ijayo. Niushike mimi, na wifi yangu asijue, kwa ajili ya afya yake. Injinia akacheka muda mrefu. Akasema nisubiri zamu. Kuna mama mwingine kampigia simu mapema asubuhi, wa nyumba hiihii, mwenye kadi ya gari. Kamwagiza ufunguo wa siri na ameuliza kama kuna mtu anayefundisha udereva nyumbani. Kesho saa nne.

Akasema anaweza kusajili zote mbili kwa safari moja, turidhike sote.

Nikamkatalia. Nikamwambia kazi nzuri haichanganywi. Amtengenezee mama huyo kwanza, polepole, amridhishe kabisa. Mimi aje kwangu saa kumi alasiri, Wifi akiwa amelala. Na asisahau kufuta zote zilizotangulia.